Kioo Kimoja kwa Kazi na kwa Gemu: Tulinde Macho, Shingo na Usingizi



Mwezi huu katika ukurasa wetu wa afya tunazungumzia kile kioo kikubwa cha kompyuta, cha inchi 32, 43 au zaidi, ambacho siku hizi hukutwa si ofisini tu bali hata sebuleni. Wengine hukiita monita, wengine skrini. Mchana hufanyiwa kazi: hesabu za duka, barua, picha za pasipoti, video za harusi, masomo ya chuo. Jioni kazi ikiisha, vijana huchomeka mashine ya gemu na mpira unaanza. Kioo ni kilekile na kiti ni kilekile, na mara nyingi macho yaliyokitazama tangu asubuhi ndiyo yanayoendelea kukitazama hadi usiku wa manane.

Hatusemi kitu hiki ni kibaya. Mtu hujipatia riziki kwacho, na mwenye uoni hafifu husoma kwa urahisi zaidi maandishi yakiwa makubwa. Lakini wako wanaofika kwetu sisi wauguzi wakilalamika macho yanawasha, kichwa kinauma, shingo imekaza, au mtoto haamki asubuhi kwenda shule, na tukiwauliza siku yao inavyokwenda tunakikuta kioo katikati ya maelezo. Basi tujifunze namna ya kuishi nacho.

1. KIOO HIKI NI KITU GANI?

Picha kwenye kioo hutengenezwa na nukta ndogo sana zinazoitwa pikseli. Kioo cha kawaida kina nukta 1,920 kwa upana na 1,080 kwa urefu wa kwenda juu. Kile kinachoandikwa 4K kwenye boksi kina nukta 3,840 kwa 2,160, yaani mara nne ya kile cha kawaida. Kwa hiyo kioo cha 4K cha inchi 43 ni sawa na vioo vinne vya inchi 21 na nusu vilivyopangwa viwili juu na viwili chini, bila mpaka katikati. Upana wake ni kama sentimita 95.

Ndiyo maana watu wa kazi wanakipenda. Unaweza kufungua daftari la hesabu upande mmoja, barua upande mwingine na picha katikati, vyote kwa pamoja. Vijana nao wanakipenda kwa sababu uwanja mzima wa mpira unaonekana, hadi majani.

Zanzibar hatukuanza jana kutazama vioo. Televisheni ya Zanzibar ilianza kurusha picha za rangi mwanzoni mwa miaka ya 1970, wakati Tanzania Bara ilingoja hadi mwaka 1994 kupata kituo chake. Lakini zamani televisheni ilikaa pembeni mwa sebule na sisi tulikaa kwenye mikeka upande wa pili. Sasa kioo cha ukubwa uleule, au zaidi, kimewekwa mezani mbele ya pua. Hilo ndilo lililobadilika, na ndilo linaloleta taabu.

2. JE, KIOO KINAPOFUSHA?

Wazazi wengi huuliza hivyo. Jibu ni hapana. Vioo vya siku hizi havitoi mionzi ya kupofusha. Hofu hiyo ilikuwa na chanzo cha kweli hapo zamani: mwaka 1967 nchini Marekani iligundulika kwamba baadhi ya televisheni za rangi zilikuwa zikitoa mionzi ya eksirei kupita kiasi. Mwaka uliofuata nchi hiyo ikatunga sheria ya kudhibiti mionzi ya vyombo vya umeme. Televisheni zile zilikuwa na chupa kubwa ya kioo iliyotumia umeme wenye nguvu nyingi. Vioo bapa vya leo havina chupa hiyo.

Wapo pia wanaouza miwani ya kuzuia mwanga wa buluu kwa bei ya juu. Mwaka 2023 wataalamu wa Cochrane walichapisha mapitio ya majaribio 17 ya miwani hiyo, nao hawakuona kwamba inapunguza uchovu wa macho kwa mtu wa kompyuta. Fedha hiyo ni afadhali upimiwe macho.

3. KWA NINI BASI MACHO YANAUMA?

Sababu ya kwanza ni kwamba tunasahau kupepesa. Kope ni kama kitambaa kinacholowanisha jicho. Mtu anapozungumza na mwenzake hupepesa kama mara 15 kwa dakika. Akikodolea kioo, hasa mpira ukiwa golini, hupepesa nusu ya hapo au chini zaidi. Machozi yanakauka, jicho linawasha, linakuwa jekundu, na mtu anahisi kama kuna mchanga. Feni ikielekezwa usoni hali inazidi. Wengi wetu kwa joto la hapa tunaelekeza feni usoni moja kwa moja. Igeuzeni ipulize kifuani au miguuni.

Sababu ya pili ni misuli ya ndani ya jicho. Tukitazama kitu cha karibu, misuli hiyo hujikaza. Tukitazama mbali, hulegea. Anayefanya kazi saa nane mbele ya kioo, kisha akacheza gemu saa nne mbele ya kioo hichohicho, amekaza misuli ileile saa kumi na mbili. Mkono ukibeba ndoo muda wote huo ungekataa.

Dawa yake haina gharama. Kila baada ya dakika 20, inueni macho mtazame kitu kilicho umbali wa mita 6 au zaidi, kwa sekunde 20. Mnazi ulio nje ya dirisha unatosha kabisa. Na mkiwa mnautazama, pepeseni polepole mara kadhaa.

Jambo moja tunaliomba kwa msisitizo. Msinunue matone ya macho dukani kwa sababu jirani aliyatumia yakamfaa. Baadhi ya matone yana dawa jamii ya steroidi. Wekundu huondoka haraka na mtu hufurahi, lakini akiyatumia kwa muda mrefu bila kuangaliwa anaweza kupata presha ya macho au mtoto wa jicho. Presha ya macho huiba uoni taratibu, na kilichopotea hakirudi. Kwa hiyo kinachoweza kumpofusha mtu hapa ni matone yale, wala si kioo. Msitie pia maji ya majani, asali wala mkojo katika jicho.

4. TUKAE UMBALI GANI?

Hapa tutumie kipimo cha wazee wetu, dhiraa, yaani kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati. Ni kama sentimita 45.

Kwa kioo kidogo cha ofisini, urefu wa mkono mmoja ulionyooshwa unatosha. Kwa kioo cha inchi 43 kaeni dhiraa mbili wakati wa kazi, yaani karibu sentimita 90. Ukikaa karibu zaidi, itakubidi ugeuze shingo huku na huku kusoma pembe zake, kama mtu anayetazama mchezo wa tenisi. Ikiwa kwa umbali huo maandishi ni madogo, msisogeze uso: kuzeni maandishi kwenye kompyuta, hadi asilimia 125 au 150. Kompyuta zote za sasa zina nafasi ya kufanya hivyo katika mipangilio yake.

Wakati wa gemu mambo ni tofauti. Hakuna maandishi madogo ya kusoma, na macho yanahitaji kuona kioo chote kwa pamoja. Basi rudisheni kiti nyuma, dhiraa tatu au nne. Kijana akisema haoni vizuri kutoka hapo, asigombezwe. Huenda anasema kweli, na tutalirudia jambo hilo tutakapofika kwa watoto.

Jambo la kuangaliwa wakati wa kununua: watu wengi hutumia televisheni mahali pa monita kwa kuwa ni rahisi bei. Inawezekana, lakini baadhi ya kompyuta na nyaya za zamani hupeleka picha ya 4K mara 30 tu kwa sekunde badala ya 60. Utaona mshale unaburuta na macho yanachoka kuufuata. Muulizeni muuzaji, na mjaribu palepale dukani mkiwa na kompyuta yenu na waya wenu kabla ya kulipa.

5. MWANGA

Televisheni nyingi hutoka kiwandani zikiwa zimewekwa mwanga mkali ili zipendeze dukani. Mkiileta nyumbani ipunguzeni. Kipimo chepesi ni hiki: chukueni karatasi nyeupe, ishikeni kando ya kioo chenye ukurasa mweupe. Kioo kikionekana kama taa karibu na karatasi, mwanga umezidi. Kikionekana cha kijivu, umepungua.

Kioo kisiwekwe mbele ya dirisha wala dirisha lisiwe mgongoni mwako. Dirisha liwe ubavuni. Jua letu la alasiri ni kali, na likigonga kioo mtu hukunja uso mpaka kichwa kinauma.

Usiku msicheze gizani. Washeni taa ndogo nyuma ya kioo au pembeni. Chumba kikiwa cheusi na kioo kinawaka, mboni ya jicho inahangaika kufunguka na kufumba kila picha inapobadilika.

6. SHINGO, MGONGO NA MIKONO

Makosa tunayoyaona ni mawili. La kwanza ni kutundika kioo juu ukutani kama televisheni ya hotelini, kisha kukifanyia kazi. Anayekitazama huinua kidevu siku nzima, na jioni shingo na mabega vimekaza. Ukingo wa juu wa kioo uwe sawa na macho au chini yake kidogo. Kwa kioo cha inchi 43 maana yake ni kwamba kinasimama karibu kabisa na uso wa meza. Kazi unayoisoma sana iweke katikati na chini. Vitu vya kuangalia mara mojamoja viwekwe pembeni na juu.

Kosa la pili ni kiti. Viti vingi vya plastiki na vya mbao havipandi wala kushuka. Miguu ikining'inia, wekeni kibao au boksi gumu chini yake. Mgongo ukikosa egemeo, kunjeni kanga au taulo muweke kiunoni. Viwiko viwe sawa na meza. Mkono wa kipanya usining'inie hewani.

Mtu akianza kuhisi ganzi au kuchomwachomwa katika kidole gumba, cha shahada na cha kati, hasa usiku, huenda mshipa wa fahamu wa kiganjani umebanwa. Apumzishe mkono na aje apimwe. Asingoje hadi kikombe kimponyoke.

Tena msikae saa nyingi mfululizo. Kila saa simameni mtembee dakika tano: chota maji, fungua mlango, msalimie jirani. Kukaa kutwa kunachangia unene, kisukari na shinikizo la damu, magonjwa ambayo sasa tunayaona hata kwa watu wa miaka thelathini na kitu.

7. BABA NA MAMA WALIOVUKA MIAKA 40

Baada ya miaka 40 lenzi ya jicho hupungua ulaini wake, na mtu huanza kusogeza kitabu mbali ili asome. Si ugonjwa wala si aibu. Ni umri. Wengi hununua miwani ya kusomea, nayo inafaa kwa kitabu kilichoshikwa mkononi, yaani sentimita 35 hadi 40. Lakini kioo kikiwa dhiraa mbili, miwani ileile haifai. Maandishi yanakuwa na ukungu, na mtu hujikuta anainamisha uso kukifuata kioo.

Basi mnapokwenda kupima macho, mwambieni mpimaji: "Kazi yangu ni ya kioo, na kiko umbali huu." Pimeni nyumbani kwa utepe wa fundi cherehani, muende na namba. Huenda mkahitaji miwani ya nguvu ndogo zaidi kwa ajili ya kazi hiyo. Ni jambo dogo, lakini limewaokoa wengi na maumivu ya kichwa waliyoyatibu kwa vidonge miaka mingi.

8. WATOTO

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2019 kuhusu watoto walio chini ya miaka mitano. Mtoto asiyefikisha miaka miwili asikalishwe mbele ya kioo. Wa miaka miwili hadi minne asizidishe saa moja kwa siku, na pungufu ni bora. Kioo si yaya. Mtoto hujifunza kusema kwa kusemeshwa.

Kwa watoto wa shule hofu yetu ni kutoona mbali. Duniani kote watoto wengi zaidi wanapata tatizo hilo. Mwaka 2016 watafiti walikadiria kwamba kufikia mwaka 2050 nusu ya watu duniani watakuwa nalo. Kazi nyingi ya karibu inachangia, na kukosa kutoka nje kunachangia. Kinga iliyothibitishwa tunayo bure: mtoto akikaa nje kwenye mwanga wa mchana saa mbili kwa siku, hatari inapungua. Mpira wa kweli uwanjani unamfaa kuliko ule wa kwenye kioo, na jicho linafaidika pamoja na miguu.

Mtoto anayesogea hadi karibu kabisa na kioo, anayekunja macho, au asiyeona ubao darasani, mpelekeni kliniki ya macho. Msimpige kwa kukaa karibu. Mara nyingi hakai karibu kwa ukaidi, anakaa karibu kwa sababu hivyo ndivyo anavyoona. Na mkiona weupe ndani ya mboni ya mtoto mdogo, au jicho limeanza kwenda upande, msisubiri hata wiki moja. Weupe ule unaweza kuwa saratani ya jicho, na kuwahi kunaokoa uhai.

9. GEMU NA USINGIZI

Tuchukue mfano wa nyumba moja, ambayo yaweza kuwa ya yeyote kati yetu. Baba anafanyia kioo kazi ya steshenari hadi magharibi. Kijana wa kidato cha pili anakichukua baada ya chakula. Saa nne usiku mama anatoka chumbani.

"Mwanangu, bado tu?"

"Mama, namalizia kipindi cha pili."

Saa tano mama anarudi, na kipindi cha pili bado hakijaisha, kwa sababu mechi ni ya tatu. Asubuhi kijana anasinzia darasani. Mwalimu anasema ni mvivu, baba anasema ni mkaidi. Sisi tunasema ana deni la usingizi.

Mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji kulala saa 9 hadi 12. Kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji saa 8 hadi 10. Mwanga wa kioo usiku huuchelewesha mwili kujua kwamba ni wakati wa kulala, na msisimko wa gemu huuchelewesha zaidi. Kioo kizimwe saa moja kabla ya kulala. Ni afadhali mkubaliane kwa idadi ya mechi kuliko kwa saa, na makubaliano yafanywe kabla ya kuwasha. Kumzimia kijana kioo katikati ya mchezo huzaa ugomvi tu.

Je, kila apendaye gemu ni mgonjwa? La. Shirika la Afya Duniani limeingiza ugonjwa wa gemu katika orodha ya magonjwa iliyoanza kutumika mwaka 2022, lakini limeweka dalili wazi. Mtu hawezi kujizuia. Gemu limetangulia mbele ya chakula, masomo, kazi na watu. Na anaendelea hata akiona anaumia. Hali hiyo kwa kawaida iwe imeonekana kwa miezi 12 au zaidi, na iwe imeharibu maisha yake. Mkiona hayo, msimtukane. Zungumzeni naye, kisha mje wote. Mara nyingi nyuma yake kuna huzuni au upweke ambao hakujua namna ya kuusema. Angalieni pia kama gemu limegeuka kamari ya fedha, kwani hapo deni huanza kimyakimya.

Kioo kikae sebuleni, kisikae chumbani kwa mtoto. Na baba akicheza naye mara moja kwa wiki, atajua mengi kuliko akimchunguza.

10. MTOTO AKIANGUKA KIFAFA MBELE YA KIOO

Hili tunaomba lisomwe kwa sauti nyumbani. Tarehe 16 Desemba 1997 huko Japani, katuni moja ya televisheni ilionyesha mwanga mwekundu na wa buluu ukimetameta kwa kasi. Watoto 685 walipelekwa hospitali, baadhi yao wakiwa na degedege. Hakukuwa na pepo. Ubongo wa baadhi ya watu huamshwa vibaya na mwanga unaometameta. Kati ya wenye kifafa, ni kama watatu katika kila mia walio na hali hiyo, nayo huonekana zaidi kwa watoto na vijana. Kadiri kioo kinavyokuwa kikubwa na mtu anavyokaa karibu gizani, ndivyo mwanga ule unavyojaza macho yake.

Mtoto akisema anahisi vibaya kwa mimetameto, afunike jicho moja kabisa kwa kiganja na kugeuka upande.

Akianguka, fanyeni hivi:

- Ondoeni vitu vigumu karibu yake, muwekeeni kitu laini chini ya kichwa.
- Angalieni saa.
- Msimshike kwa nguvu kuzuia mtikisiko.
- Msitie kijiko, kitambaa wala kidole mdomoni.
- Msimnushe kiatu wala kitunguu, wala msimmwagie maji.
- Mtikisiko ukiisha mlazeni ubavu, mate yatoke.
- Ukizidi dakika tano, au ukirudi kabla hajapata fahamu, mkimbizeni hospitali.
- Hata ukiisha mapema, ikiwa ni mara ya kwanza aonwe na daktari.

Povu la kifafa haliambukizi. Msimwogope mtoto wenu. Tunasema hivi kwa uchungu, kwa kuwa wako watoto wanaofichwa ndani miaka mingi na kuzungushwa kwa waganga, wakati dawa ya vidonge ingewatosha wengi wao kurudi shuleni. Ikiwa mwanafamilia anapenda kumwombea, amwombee. Lakini dawa isikatizwe.

11. UMEME NA KUANGUKA KWA KIOO

Tangu mwaka 2010 Pemba tunapata umeme kwa waya uliopitishwa chini ya bahari kutoka Tanga. Kabla ya hapo tulitegemea majenereta. Umeme umekuwa bora sana, lakini hukatika na kurudi kwa kishindo kama popote pengine, na radi za masika zipo. Wekeni kifaa cha kulinda umeme kati ya ukuta na kioo. Umeme ukikatika, zimeni swichi, msubiri dakika chache baada ya kurudi. Radi ikinguruma, chomoeni.

Msichomeke kompyuta, kioo, mashine ya gemu, feni na pasi katika ekstensheni moja. Plagi ya pini tatu isivunjwe pini moja ili iingie. Pini ile ndefu ni ya ardhi, na ndiyo inayookoa maisha. Waya ukiwa wa moto ukiugusa, zimeni na kumwita fundi.

Mwisho, kioo chenyewe. Mtoto wa miaka miwili au mitatu akiona picha ya samaki hupanda kabati kwenda kuishika. Kioo kikubwa chenye miguu myembamba kikimwangukia kichwani kinaweza kumwua. Kifungeni ukutani kwa mkanda au kamba imara, kisimame juu ya meza pana na fupi, na nyaya zisining'inie mbele. Msiweke juu yake vitu ambavyo mtoto atavitamani.

12. KWA UFUPI

Dhiraa mbili kwa kazi, tatu au nne kwa gemu. Kila dakika 20 tazama mnazi. Kila saa simama. Ukingo wa juu usipite macho. Dirisha ubavuni, feni miguuni, taa ndogo usiku. Saa mbili nje kwa mtoto, saa moja bila kioo kabla ya kulala. Kioo kifungwe ukutani. Matone ya macho ni kwa ushauri wa daktari tu.

Maswali ya kujadiliana nyumbani

1. Kioo chetu kiko umbali wa dhiraa ngapi, na nani alipima?
2. Nani katika nyumba yetu amevuka miaka 40 na hajapima macho?
3. Tumekubaliana mechi ngapi kwa usiku wa shule, na nani analinda makubaliano?
4. Mtoto akianguka kifafa usiku wa leo, kila mmoja wetu atafanya nini?

Wazee walisema kinga ni bora kuliko tiba. Leo jioni, kabla ya kukiwasha, chukueni utepe na kamba: utepe wa kupima umbali, kamba ya kukifunga kioo ukutani. Ni kazi ya nusu saa. Mkiimaliza, kaeni mcheze kwa amani.